Kabla ya kuhesabu miaka ya chandarua, hesabu matundu

Mvua zikianza kunyesha katika bonde la Kilombero, swali ninaloulizwa zaidi hapa Mlabani, mjini Ifakara, halihusu dawa. Wazazi wananiuliza: "Daktari, mbona mtoto analala kwenye chandarua kila siku na bado anapata malaria?"

Msimu huu aliniuliza mama mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili. Ilikuwa malaria ya tatu ndani ya miezi mitano. Nilipofungua kiganja cha mtoto nilikikuta cheupe, na kipimo kikaonyesha damu gramu 6, wakati mtoto wa umri ule anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Alikuwa amekuja na mama mkwe wake. Niliwauliza chandarua anacholalia mtoto walikipata lini. Mama akamgeukia bibi. Bibi akafikiri kidogo, akasema: "Si kile ulichopewa kliniki, mimba ya dada yake?"

Dada yake huyo yuko darasa la kwanza.

Katika nyumba ile hakuna mzembe. Chandarua kinashushwa kila jioni, kinachomekwa chini ya godoro, kinafuliwa. Ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba chandarua kina mwisho wake. Kwa kuwa bado kinaning'inia, kinahesabiwa kuwa kinafanya kazi.

Dereva wa bodaboda anajua kwamba chujio la hewa la pikipiki yake hujaa vumbi, na hata fundi asipomkumbusha, pikipiki yenyewe itamkumbusha kwa kukosa nguvu mlimani. Chandarua nacho ni chujio, kinapitisha hewa na kumzuia mbu. Tofauti ni kwamba kikichoka hakitoi mlio wala moshi. Anayeonyesha dalili ni mtoto.

Kwa hiyo leo nijibu swali moja tu, kwa kirefu: chandarua kibadilishwe kila baada ya muda gani?

Jibu fupi kwa mzazi mwenye haraka ni hili. Kikague kila unapokifua. Kikishafika mwaka wa pili, anza kujipanga kupata kingine. Kikifika mwaka wa tatu, usikitegemee kwa mtoto mdogo wala mjamzito kama una njia ya kupata kipya. Na kikichanika kupita kiasi nitakachokieleza hapa chini, kibadilishe hata kama kina miezi sita.

Miaka mitatu ilitoka wapi?

Wengi mmesikia kwamba chandarua chenye dawa ya muda mrefu kinadumu miaka mitatu. Si uongo, lakini inabidi kujua maana yake. Hicho ni kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa viwanda: ili chandarua kiitwe cha muda mrefu, dawa yake inatakiwa iendelee kufanya kazi baada ya kufuliwa mara 20 maabara, na baada ya miaka mitatu ya matumizi yanayofuata maelekezo. Ni sharti la kuingia sokoni. Si ahadi kwamba chandarua cha nyumbani kwako, chenye watoto watatu wanaorukaruka kitandani na panya darini, kitafika huko.

Na hapa kwetu jambo hili limepimwa. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara (IHI), ambayo kituo chake cha hapa kiko Mlabani hii hii, pamoja na wenzao, waligawa aina tatu za vyandarua vya muda mrefu katika wilaya nane za Tanzania na kuvifuatilia nyumba kwa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nusu ya vyandarua vilikuwa vimetoka kazini, ama vimechanika mno ama vimetupwa kwa uchakavu, vikiwa na umri wa kati ya miaka 2 na miaka 2.6, kutegemea aina.

Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani: ukingoja miaka mitatu itimie ndipo uangalie, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto wako ameshalala miezi kadhaa ndani ya kitu ambacho ni pazia tu.

Wakazi wa bonde hili hawapaswi kushangaa sana, maana historia ya chandarua chenye dawa nchini imepita kwenye vitanda vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Namawala aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wazee wa hapa bado wanakumbuka jina la biashara la bidhaa zake, Zuia Mbu. Vyandarua viliuzwa kwa bei nafuu madukani na kupitia mawakala vijijini. Ndani ya miaka mitatu, watoto wachanga waliokuwa wakilala ndani ya chandarua waliongezeka kutoka chini ya 10 katika kila 100 hadi zaidi ya 50. Na watafiti walipolinganisha watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne, waligundua kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa mtoto kubaki hai kwa asilimia 27. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2001 na ilisomwa dunia nzima.

Lakini vyandarua vya Zuia Mbu vilikuwa na udhaifu mmoja: ilibidi vichovywe upya kwenye dawa kila baada ya miezi michache. Watu walinunua chandarua kwa moyo mmoja, ila kununua pakiti ya dawa ya kuchovya, mara ya pili na ya tatu, kulisuasua. Ndiyo sababu viwanda vikaja na chandarua ambacho dawa yake imefungwa ndani ya uzi au kuganda juu yake. Tukaondokana na kazi ya kuchovya. Bahati mbaya, pamoja na kazi hiyo tukaondokana pia na mazoea ya kukichunguza chandarua mara kwa mara.

Mbu naye amebadilika

Kuna jambo jingine linalofanya umri wa chandarua uwe na uzito zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita.

Chandarua chenye dawa kina kinga mbili. Ya kwanza ni kitambaa, kinachomzuia mbu asimfikie mtu. Ya pili ni dawa, inayomuua au kumfukuza anapotua. Zamani dawa ilisamehe makosa ya kitambaa. Hata kama kulikuwa na tundu, mbu alitembea juu ya chandarua akitafuta njia, na kabla hajaipata alikuwa amekwishanyweshwa sumu.

Dawa iliyotumika kwa vyandarua karibu vyote ilikuwa ya kundi moja, pairethroidi, na mbu wa bonde la Kilombero sasa wana usugu dhidi yake. Mbaya wetu mkubwa kwa sasa ni Anopheles funestus. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya bonde hili na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, ingawa si wengi kama jamii nyingine, yeye ndiye aliyesababisha zaidi ya 80 kati ya kila kuumwa 100 kwa kuambukiza malaria. Huzaliana kwenye maji yanayodumu, yenye majani, kama mabwawa na kingo za vijito, kwa hiyo hangoji masika. Anapenda damu ya binadamu, anapenda kuingia ndani, na anauma usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo mtoto yuko kitandani. Huyu akikuta tundu hasamehi.

Ndiyo maana siku hizi nasisitiza matundu kuliko tarehe. Dawa ikiwa dhaifu na mbu akiwa sugu, kitambaa kinabaki kuwa tegemeo.

Habari njema ni kwamba viwanda vimesogea. Vipo vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayovunja kinga ya mbu sugu ili pairethroidi ifanye kazi tena. Vipo pia vilivyochanganywa na klofenapiri, dawa ya kundi tofauti isiyoshambulia mishipa ya fahamu ya mbu bali uwezo wake wa kutengeneza nguvu mwilini. Jaribio kubwa lilifanyika Misungwi, mkoani Mwanza, likihusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao. Miaka miwili baada ya kugawa vyandarua, katika vijiji vilivyopata vile vya kawaida karibu watoto 46 kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika vijiji vilivyopata vyenye klofenapiri walikuwa karibu 26. Machi 2023 WHO ikapendekeza vyandarua vya aina hiyo vitumike mahali ambapo mbu wana usugu.

Sasa angalia jambo hili. Katika jaribio hilohilo, vyandarua vyenye PBO vilifanya vizuri mwaka wa kwanza, lakini kufika mwaka wa pili havikuwa na tofauti ya maana na vile vya kawaida. Chandarua bora kikichakaa kinakuwa sawa na kile cha jirani. Kwa hiyo hata uwe na cha kisasa namna gani, swali la lini kibadilishwe liko palepale.

Usitishike pia ukitumia chandarua chenye klofenapiri na asubuhi usikute mizoga ya mbu sakafuni. Dawa hiyo huua polepole, wakati mwingine baada ya siku mbili au tatu.

Kidole, ngumi, kichwa

Twende kwenye ukaguzi wenyewe. Watafiti wana njia rahisi ya kupima uchakavu, ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya mchana kweupe kwa dakika kumi. Kitundike chandarua nje kivulini, mtu mmoja aingie ndani, mwingine azunguke nje. Matundu yanapimwa kwa mwili wako mwenyewe.

Tundu dogo lisilopitisha kidole gumba lina alama 1. Linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi lina alama 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa lina alama 196. Kubwa kuliko kichwa lina alama 576. Jumlisha. Ukipata 64 au pungufu, chandarua ni kizuri. Kati ya 65 na 642, kimeharibika lakini bado kinasaidia, na kinahitaji sindano na uzi leo, si kesho. Ukifika 643, kimechanika mno. Hicho ni cha kubadilisha.

Alama zinaweza kukushangaza. Matundu 20 madogo kuliko kidole gumba, yanayomfanya mama aone aibu mgeni akiingia chumbani, ni alama 20 tu. Lakini mpasuko mmoja mkubwa kuliko kichwa pamoja na matundu matatu yanayopitisha kidole gumba lakini si ngumi tayari ni 645. Matundu manne yanayopitisha ngumi lakini si kichwa ni 784. Mpasuko huo mkubwa mara nyingi uko chini, upande wa ukutani, mahali ambapo huwa hamwangalii kwa sababu unafichwa na godoro. Uangalie huko kwanza.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano na kwa mjamzito, mimi ni mkali kuliko kipimo hicho. Tundu lolote linalopitisha kidole gumba kwangu ni la kushonwa siku hiyohiyo. Mtoto hugeuka usiku, hulala mkono umegusa kitambaa, na mbu ana usiku mzima wa kutafuta mlango.

Kushona hakuharibu dawa. Shona kwa uzi wa kawaida, au weka kiraka kilichokatwa kwenye chandarua cha zamani. Wapo wanaofunga fundo: unakusanya kitambaa kuzunguka tundu dogo na kukifunga kwa uzi. Hakipendezi, lakini kinamzuia mbu, na mbu hajali mapambo.

Kinachoua chandarua

Nikiwauliza wazazi chandarua kilichanikaje, majibu yanafanana kiasi kwamba ningeweza kuyaandika kabla hawajakaa. Kimenasa kwenye msumari wa kitanda au kwenye mbao zisizopigwa randa. Kimechanwa na watoto. Kimeungua kwa mshumaa au kibatari. Na panya. Baada ya mavuno, magunia ya mpunga yanalala ndani, panya wanahamia ndani, na chandarua chenye harufu ya chakula au mkojo wa mtoto hakiwi salama. Mchana kikunje na kukifunga juu, mbali na kitanda. Pembe za kitanda zenye miiba zipige msasa au zifunge kitambaa kikuukuu. Mtoto asilie chakula ndani ya chandarua.

Kuhusu kufua, hapa wenye usafi mwingi ndio wanaoumia. Nimekutana na mama anayefua chandarua kila baada ya wiki mbili kwa sabuni ya unga na jiki, kisha anakianika juani mpaka kikauke kabisa. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko yangu. Lakini hesabu mwenyewe: mifuo 20 inayotajwa kwenye kipimo cha kiwanda, kwa mwendo huo, inakwisha ndani ya wiki 40. Jiki nayo inaharibu dawa, na jua kali linaivunja. Mara moja kila miezi mitatu inatosha, au kikichafuka sana. Tumia maji ya baridi na sabuni ya mche, usikisugue kwa nguvu, usikiloweke usiku kucha, na ukianike kivulini. Maji uliyofulia yamwage chooni au kwenye shimo, mbali na mto na bwawa la samaki.

Kipya kikifunguliwa kwenye mfuko, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kukilalia. Hiyo inapunguza muwasho wa uso na macho ambao baadhi ya watu wanaupata siku za mwanzo, na ambao huwafanya wengine wakiweke kabatini "mpaka kipoe". Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja kwamba chandarua chake kimepoa kabatini miaka miwili.

Na siku ya kukitundika, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika mwezi na mwaka kwenye lebo. Kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu kutoka kwa kila nyumba inayosoma safu hii, lingekuwa hilo. Tumeandika tarehe kwenye kadi ya kliniki, kwenye mtungi wa gesi, kwenye madaftari ya mikopo. Chandarua peke yake ndicho kinachoishi bila tarehe ya kuzaliwa.

Kipya kitatoka wapi?

Wengi wanasubiri ugawaji wa serikali, na siwalaumu. Nchi hii imegawa vyandarua vingi: kupitia Hati Punguzo kuanzia mwaka 2004, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote mwaka 2010 na 2011, na shuleni kuanzia mwaka 2013 katika mikoa ya kusini. Juhudi hizo, pamoja na vipimo vya haraka na dawa mseto, zimechangia kushusha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano kutoka karibu 18 kati ya 100 katika utafiti wa mwaka 2007 na 2008 hadi karibu 8 kati ya 100 mwaka 2022. Ila ratiba ya ugawaji haifuati matundu ya nyumbani kwako.

Njia ya uhakika zaidi kwa familia changa ni mpango wa Chandarua Kliniki. Mjamzito anapaswa kupewa chandarua anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto anapopelekwa chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi tisa. Kwa mama anayeanza kliniki mimba ikiwa changa, hivyo ni vyandarua viwili ndani ya miezi kama 15. Anayechelewa kuanza kliniki anapoteza miezi ya kulala salama katika kipindi ambacho malaria inaweza kumletea upungufu wa damu na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Usipopewa, uliza. Kuuliza si ugomvi.

Ukinunua, soma lebo kabla hujaangalia rangi. Vyandarua vingi vizuri vya dukani, vyenye lesi na maua, havina dawa yoyote. Chenye dawa kinataja jina la dawa kwenye lebo. Ukiona limeandikwa jina moja kama "deltamethrin", "permethrin" au "alpha-cypermethrin" peke yake, hicho ni cha pairethroidi ya kawaida. Ukiona pamoja nalo "PBO" au "chlorfenapyr", hicho ni cha kizazi kipya, na kwa bonde letu ndicho ninachokipenda zaidi.

Kipimo cha kaya ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Kama fedha inatosha kimoja tu, kipya kiende kwa mjamzito na mtoto mdogo. Katika nyumba nyingi nimeona kinyume chake: kipya kinatundikwa chumba cha baba na mama, au cha mgeni, na watoto watano wanarithi kilichochakaa, sakafuni kwenye mkeka. Watu wazima tuliokulia hapa tumejenga kinga fulani, ambayo haizuii homa lakini mara nyingi inazuia kifo. Mtoto wa miaka miwili hana. Baba, kipya si heshima yako, ni cha yule mdogo.

Na kile kilichochakaa usikiondoe kabla kipya hakijafika. Chandarua chenye matundu bado kinazuia baadhi ya mbu, na dawa iliyobaki bado inawasumbua baadhi yao. Kishone, kitumie, huku unatafuta.

Kuna usiku mwingine ambao vyandarua vyetu havihesabu: usiku wa shambani. Kuanzia kulima hadi kuvuna mpunga, familia nyingi zinahamia mashambani kwa wiki au miezi, zikilala kwenye vibanda vya majani vilivyo wazi pande zote, au kwenye dungu wakati wa kuamia ndege. Chandarua kizuri kinabaki mjini kulinda kitanda kitupu, au kinabebwa shambani na kurudi kimejaa mipasuko ya fito na miti. Kaya inayolima mbali inahitaji chandarua cha shamba, tofauti na cha nyumbani. Cha duara, kinachoning'inia kwa kamba moja, ni rahisi zaidi kukifunga kwenye kibanda. Kitegemee kuisha haraka: nakishauri kikaguliwe kila msimu, mwanzoni na mwishoni, bila kujali umri wake.

Homa ikija hata hivyo, na wakati mwingine itakuja, chandarua kizuri si sababu ya kusema "haiwezi kuwa malaria". Mtoto apimwe ndani ya saa 24, na akikutwa nayo amalize dozi yote ya mseto hata kama amechangamka siku ya pili. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida, aliyelegea asiamke, mwenye mkojo mweusi au viganja vyeupe, huyo hangoji asubuhi.

Yule mtoto wa gramu 6 alilazwa, akaongezewa damu, akapona. Siku ya kuruhusiwa nilimpa mama yake karatasi yenye vipimo vya kidole, ngumi na kichwa. Bibi ndiye aliyeichukua.

Kimebaki chandarua cha zamani. Kikishachanika kabisa na kipya kimeshatundikwa, kata sehemu zilizo nzima uzitumie kama viraka, au zifunike madirisha na mianya ya juu ya ukuta. Usikifanye dodoki la kuogeshea watoto wala kawa la kufunikia chakula, kwa sababu bado kina sumu. Usikichome moto uani, moshi wake haufai. Na usikipeleke mtoni. Dawa ya chandarua ni sumu kali kwa samaki, na matundu yake madogo yanazoa hata vifaranga vya perege na kambale ambavyo mwakani vingekuwa kitoweo. Kama huna matumizi mengine, kizike kwenye shimo refu, mbali na kisima na mahali ambapo maji ya mafuriko yanafika.